Wimbo Wako Niliousahihisha

Ushirombo, usiku wa kuamkia safari yako

Kabula mwanangu,

Barua hufunguliwa kwa kumjulia mtu hali, nami hali yako naijua. Uko chumba cha pili na shangazi yako Minza, mnacheka kwa sababu ya zipu ya begi iliyogoma kufungwa. Baba anayemwandikia barua mtu anayemsikia akicheka ana neno lililomkwama kooni, na baba huyo ni mimi. Wakati wa chakula nilifungua mdomo mara kadhaa, nikaufunga. Mwishowe ukaniuliza, "Baba, unataka chumvi?" Nikasema ndiyo. Mboga ilikuwa na chumvi ya kutosha, nikaiongeza, nikaila hivyo hivyo.

Mambo ya safari shangazi yako ameshayamaliza: wapi ushukie, nani usimpe begi akushikie, shuka ipi ya kutandika na ipi ya kujifunika. Sina la kuongeza hapo. Langu ni moja, na linahusu karatasi uliyoiweka leo mchana kwenye bahasha ya vyeti vyako.

Nilikuwa mlangoni navua viatu, vimejaa vumbi la karasha kama kawaida, nawe hukuniona. Shangazi alikuwa anakuuliza umechagua wimbo gani, maana chuo kimekuagiza uende na wimbo uliotunga mwenyewe, uwaimbie walimu siku ya usaili. Ukamjibu, "Ule wa Mama. Nabeba ule aliousahihisha Baba. Wangu wa mwanzo ulikuwa na makosa."

Kabula, wimbo wako haukuwa na makosa. Makosa yalikuwa yangu. Nalijua hilo tangu kiangazi kilichopita, na tangu hapo nimekaa nawe meza moja, nimekula ugali uliousonga, na sikukwambia.

Sasa ngoja nikueleze yalivyokuwa, hata yale unayoyajua, kwa sababu unayajua kwa upande wako tu.

Mimi nota nilifundishwa na katekista wa kigango chetu, naye alifundishwa na mwenzake, na huyo mwenzake sijui alifundishwa na nani. Tulijua ngazi moja: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Wimbo unatoka Do na unarudi Do, kama ng'ombe anavyorudi zizini, na usiporudi basi umepotea. Mapigo tulijua ya mbili, ya tatu na ya nne. Ukikutana na wimbo ulioandikwa sita kwa nane, unahesabu sita, mkono unapiga sita, na waimbaji wanachechemea nyuma yako mpaka amina. Hakuna aliyewahi kuniambia naongoza vibaya. Mchana nilikuwa fundi wa karasha, mashine za kusaga mawe kule machimboni, lakini jioni, nikishika kile kijiti cha kuongozea kwaya, nilikuwa Mwalimu. Na mtu akishaitwa Mwalimu kwa miaka mingi, kuuliza kunakuwa kugumu. Watoto tunawaambia kuuliza si ujinga. Sisi wenyewe tunaona aibu kuuliza hata choo kiko wapi.

Aliyepata taabu ya kwanza kwa ujinga wangu ni mama yako.

Alipokuja hapa kutoka Ushetu alikuwa na sauti ya pili nzito, safi, na alikulia kwenye matuta ya tumbaku, wakilima na majirani kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, jembe na wimbo vikienda pamoja. Kila alichoimba aliking'oa kidogo kutoka ardhini. Hata nyimbo za misa. Mimi nilipiga mbili zilizonyooka, yeye ndani ya kila pigo langu aliweka tatu, mwili wake ukienda mbele na kurudi. Wenzake wa sauti ya pili wakaanza kumfuata. Siku moja nikasimamisha mazoezi, nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mama Kabula, hatulimi hapa."

Kwaya nzima ilicheka. Naye alicheka. Tukirudi nyumbani akaniita kwa jina la baba yangu, kama alivyozoea, akaniambia, "Ng'wana Masanja, leo umewapa la kusimulia," akaendelea kutembea. Nilidhani yameisha. Baada ya muda akasema magoti yanamsumbua, hawezi kusimama misa nzima, akahamia kwenye mabenchi pamoja na waumini wengine. Magoti hayo hayo yalilima karanga zetu na za shangazi yako mpaka mwaka aliougua. Nilijua, Kabula. Mwanamume anajua mke wake anapompa sababu ya kumstahi. Niliipokea ile sababu kwa sababu ilinifaa.

Alipotutoka ulikuwa kidato cha tatu. Watu walisema una moyo mgumu kwa kuwa hukulia mbele yao. Mimi nilikuona unapita parokiani kila ukitoka shule, unakaa kwenye kile kinanda chenye vitufe viwili visivyolia, unabonyeza, unasikiliza, unabonyeza tena. Sikuja kukuuliza unafanya nini. Halafu jioni moja ukaniletea karatasi mbili zilizoandikwa kwa penseli, sauti zote nne, mistari imenyooka kuliko yangu. Juu uliandika: Mtunzi, Kabula. Chini yake: sita kwa nane. Ukasema, "Baba, ni kwa ajili ya misa ya kumkumbuka Mama. Uangalie kama iko sawa."

Niliangalia. Nilikaa hapa hapa nilipokaa sasa, na ufutio wako wa shule mkononi. Nikaona wimbo unaanza La na unaishia La. Nikasema moyoni, mtoto amechoka kabla ya kufika. Nikaona karibu na mwisho umeandika Se. Sikuwahi kuona Se maishani mwangu. Nikadhani ulitaka kuandika So mkono ukateleza, nikaifuta, nikaweka So. Nikaona mapigo yale ya sita, nikasikia ndani yake kitu ninachokijua, nikasema hii ni ya shambani, huyu ni marehemu, tunahitaji heshima. Nikafuta yote, nikayanyoosha kuwa nne kwa nne. Mwisho nikaupandisha mpaka Do ya juu, besi nao nikawapa Do, ufunge vizuri, kwa kishindo. Nikayapuliza machicha ya ufutio yakaanguka sakafuni. Kisha chini ya jina lako nikaandika: Umesahihishwa na Mwalimu Shija.

Nimejitafutia udhuru mwingi. Nimesema ni karasha, zimeharibu masikio yangu. Nimesema nilikuwa na msiba, akili haikuwepo. Lakini karasha hazikunizuia kusikia pale ulipochezea kinanda. Na msiba ulikuwa wako pia. Ukweli ni kwamba katika yote hayo sikuuimba wimbo wako. Hata mstari mmoja. Niliusoma kwa macho nikitafuta pa kufuta.

Nilipokurudishia uliangalia kwa muda. Ukauliza, "Kwa hiyo pale mwisho haifai?" Nikakujibu, "Wimbo hauwezi kuishia njiani, mwanangu." Ukasema, "Asante, Baba." Tangu siku hiyo hujatunga tena. Nami nilikuwa nawaambia watu kwamba umebanwa na masomo.

Tuliuimba kwenye misa ile, watu wakaupenda. Nani atausikia wimbo wa mtoto kwa mama yake asiupende? Wageni wakaomba nakala. Nikatoa fotokopi, na fotokopi ikazaa fotokopi, Runzewe, Masumbwe, Kahama, huko Ushetu kwa wajomba zako. Kila karatasi ina jina lako, na chini yake jina langu limekaa kama mtu aliyepanda juu ya kiti cha mwenzake kwa viatu.

Sasa nije kiangazi kilichopita, nilipokwenda Kahama kwenye semina ya walimu wa kwaya. Mwezeshaji alikuwa sista mmoja kijana, mpole. Akaandika wimbo mfupi ubaoni, ukaishia La. Akauliza, "Nani atuambie habari za wimbo huu?" Nikanyanyuka. Mimi, mkongwe wa ukumbi. Nikasema, "Sista, aliyeutunga amesahau kurudi nyumbani."

Walicheka, nami nikacheka nao, nikidhani tunamcheka mtunzi. Yule sista hakucheka. Akasema, "Mwalimu, huyu amerudi. Nyumbani kwake ndipo hapo." Akaeleza kwamba kuna ngazi kubwa inayokaa Do, na kuna ngazi ndogo, wengine huiita maina, ambayo makao yake ni La, na hiyo si kasoro wala uchovu. Akaandika Se. Akasema ni So iliyopandishwa nusu hatua, imeinuliwa ili iegemee La, wimbo ukaribie mlango kabla ya kuingia. Akatuimbia bila ile Se, kisha akatuimbia nayo. Kabula, nilisikia. Mara ya kwanza mtu alikuwa amesimama uwanjani. Mara ya pili alikuwa ameshika komeo.

Nikakaa chini. Nilidhani yamekwisha.

Baada ya chai akatutoa nje kwenye kivuli cha ukumbi, akatuambia tutembee taratibu, kushoto, kulia, na kwa kila hatua tuseme "ka-ra-nga". Kushoto, karanga. Kulia, karanga. Wazee wazima tunazunguka ua tukisema karanga, karanga, wapishi wanatuchungulia. Akasema, "Hiyo ndiyo sita kwa nane. Msihesabu sita. Ni mapigo mawili, na kila moja limebeba matatu mgongoni." Mwili wangu ukaanza kwenda mbele na kurudi wenyewe. Nikamwona mama yako na jembe lake. Nikajisikia na mimi mwenyewe nikisema hatulimi hapa. Nikaenda bombani kunawa uso, nikanawa kwa muda mrefu hadi mwenzangu mmoja akaja kuuliza kama nina malaria.

Niliporudi ulinipokea begi. Ukauliza, macho yamekuchangamka, "Baba, mmefundishwa nini?" Nikasema, "Mambo ya kawaida tu." Ukaenda kunitengea maji ya kuoga na taulo. Mlango ulikuwa wazi kabisa jioni ile, wewe mwenyewe uliufungua, nami nikapita zangu. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi niliuficha wangu kwa taulo lako.

Ningeweza kukuambia kesho yake. Kila kesho ilikuwa na sababu. Kisha kukawa na msiba Runzewe, mama wa tajiri mmoja ninayemtengenezea mashine. Kwaya ya pale ikasimama kaburini, ikaimba wimbo wako, kutoka kwenye fotokopi. Walifika mwisho, pale ulipokuwa umeushusha mtu aweke chini alichobeba, wakaruka juu Do wote kwa pamoja kama watu wanaoshangilia goli. Binti wa marehemu alikuwa ameinama analia. Akainua kichwa, akawatazama, kilio kimemkatika. Akajifuta uso. Mwalimu wao akanifuata baadaye, akanishika mkono kwa mikono miwili: "Mwalimu, ule wimbo wako umetusaidia sana."

Nikasema, "Asante."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kufuta nilifuta kwa kutojua. Ile asante niliisema nikijua.

Leo uliposema wako ulikuwa na makosa, nilivaa tena viatu nikatoka. Ulidhani nimesahau spana. Nilikwenda kwa Mama Doto wa kwaya yetu. Nilikumbuka kwamba kabla hujaniletea zile karatasi ulikuwa umewafundisha wanawake wawili watatu sauti ya pili, uone kama inaimbika. Nilimkuta anabangua karanga. Nikamwamkia, nikakaa kwenye ndoo, nikamwambia yote, kama ninavyokuandikia. Aliendelea kubangua. Nilipomaliza akasema, "Baba Kabula, sisi tulijua."

Nikamuuliza mlijua nini. Akasema, "Tulijua ule wa mtoto ndio uliokuwa wimbo. Tukiwa shambani tunaimba huo. Kanisani tunaimba wa kwako, kwa sababu wewe ndiye Mwalimu."

Nikamwomba aniimbie. Akaimba sauti yake ya pili, vidole vikienda na karanga, mbili, na tatu ndani ya kila moja. Akafika kwenye ile Se, akaipita bila kujikwaa, akatua La. Nikamwuliza sauti ya kwanza ikoje. Akatikisa kichwa. "Hiyo hatuna. Sauti ya kwanza aliimba yeye."

Kwa hiyo hiki ndicho nilichoweza kukuokolea. Ndani ya barua hii kuna karatasi moja, sauti ya pili peke yake, kama alivyoniimbia Mama Doto. Nimeiandika sita kwa nane. Nimeiimba kabla ya kuiandika na nimeiimba baada ya kuiandika, kwa sauti ya chini nisiwaamshe. Huenda bado nimekosea mahali. Besi nilijaribu kuikumbuka, haikuja. Sauti ya kwanza unayo wewe, kama haijakutoka. Nasali iwe haijakutoka. Basi lina masaa mengi barabarani.

Ile fotokopi sijaitoa kwenye bahasha yako. Nilishika begi, nikaliacha. Nimeshawahi kuchukua kitu chako nikakitengeneza nionavyo mimi, na sitaki kurudia usiku wa mwisho. Ukitaka kuwaimbia walimu ile, imba. Ukitaka kuichana dirishani basi likifika Nzega, ichane.

Huko uendako utakutana na wanaojua kuliko mimi, jambo ambalo si gumu. Watakusahihisha, na mara nyingi watakuwa na haki, usiwanunie kwa ajili yangu. Ninachokuomba ni kimoja. Mtu akishika karatasi yako na kalamu, mwambie kwa adabu, "Mwalimu, naomba uniimbie kwanza." Akiimba, halafu akakwambia panauma hapa, msikilize. Nami ningeombwa hivyo na wewe jioni ile, huenda ningekasirika. Lakini ningeimba.

Na ukija kuwa mwalimu, ukasimama mbele ya wanawake waliotoka shamba, ukasikia mmoja anaweka tatu ndani ya mbili zako, tulia. Muulize ametoka wapi.

Alhamisi, kwenye mazoezi, nitawaambia kwaya. Naandika hapa ili nisiweze kurudi nyuma, ingawa hata nikitaka kurudi nyuma Mama Doto ameshajua, na akijua Mama Doto imejulikana mpaka Masumbwe. Kisha nitawapigia simu walimu niliowapa nakala, mmoja mmoja, nianze na yule wa Runzewe. Nitawaomba walikate jina langu, na wasiuimbe tena mpaka wimbo wenyewe utakapokuja kutoka kwako. Ukiutuma, ataongoza Mama Doto. Mimi nitasimama nyuma, besi, nisome utakachoniandikia.

Sikuombi unisamehe kesho kituoni, mbele ya makondakta. Pale tuagane tu kama watu wanavyoagana. Nitabeba begi, nawe utaniamkia, nami nitaitikia, na ukiwa umeshasoma au hujasoma sitakuuliza. Mama yako sitaweza tena kumwambia kwamba alikuwa anaimba sawasawa. Nimelisema kaburini kwake, lakini kaburi halicheki wala haliniiti Ng'wana Masanja. Ndiyo maana nakwambia wewe, ambaye ungali na masikio ya kunisikia.

Kwenye mfuko wa mbele wa begi nimekuwekea karatasi tupu nyingi na penseli mbili zilizochongwa. Ufutio utautafuta hutauona. Nimebaki nao mimi.

Baba yako,
Shija